Kamera ya mbao ya zamani: namna ya kuikadiria kabla hujaigusa na msasa

Ukikuta kamera ya mbao kwenye sanduku la babu, usikimbilie vanishi. Mimi niliwahi kuisugua kamera yangu ya Thornton-Pickard, shaba yote ikang'aa kama kitasa cha hoteli. Mnunuzi aliitazama mara moja, akanipa nusu ya bei tuliyokuwa tumepatana. Nilikuwa nimeondoa lakiri ya kiwandani, ule utando unaoikinga shaba, na ile hairudi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni kamera. Siku hizi mapambo ya mbao na shaba ni mengi. Kamera ya kukunja ya enzi zile ina kioo chenye ukungu nyuma. Fungua lenzi, ielekeze mtaani, jifunike kitambaa cheusi. Watu wakionekana kichwa chini miguu juu, endelea. Kamera za sanduku hazina kioo hicho, kwa hiyo usizitupe kwa sababu hiyo tu.

Hatua ya 2: Soma skrubu. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pote. Chukua lenzi ya kukuzia na tochi. Skrubu za nyota zilienea kuanzia miaka ya 1930. Ukiiona moja kwenye kamera ya 1895, kuna fundi aliyepita. Kisha tazama mifereji ya zile bapa: ikiwa imechanika kingo, bisibisi isiyolingana imeingia humo. Angalia pia namba zilizogongwa kwenye fremu na kwenye vibebeo vya vioo, vile vioo vilivyotumika badala ya filamu. Zikilingana, bei inapanda.

Hatua ya 3: Jina. Lancaster, mtengenezaji wa Birmingham, Uingereza, aliuza kamera za Instantograph nyingi mno, kwa hiyo uzee peke yake hauifanyi adimu. Kibao kidogo cha jina kinaweza pia kuwa cha muuza duka, si cha mtengenezaji. Kodak ya kwanza ya 1888 ni sanduku la mbao lililovikwa ngozi, iliuzwa dola 25 ikiwa na filamu ya picha 100 za duara. Hiyo wakusanyaji wanaigombea.

Wanazigombea pia zile zilizoitwa "tropiki", za watengenezaji kina Sanderson na Ernemann: mtiki mtupu na shaba, bila ngozi ya kufunika, kwa sababu joto na unyevu wa nchi kama zetu ulikuwa unabandua ngozi na kulegeza gundi. Kamera iliyopakwa vanishi upya ikaitwa tropiki, ikatae. Chunguza kama kuna mabaki ya gundi kwenye mbao: ni ishara kwamba ilikuwa na ngozi ikabanduliwa.

Hatua ya 4: Mvukuto. Ndiyo ile sehemu ya mikunjo kati ya lenzi na kioo cha nyuma. Ingia chumba cha giza, washa tochi ndani ya mvukuto. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Tundu za pembeni hazinitishi. Mvukuto mpya wa plastiki ndio unaonikatisha tamaa.

Hatua ya 5: Bei. Tazama bei zilizolipwa mnadani, si zinazoombwa. Na usilewe habari za mnada wa Vienna: kamera ya mtengenezaji Giroux ya 1839 iliyovuka euro 700,000 huko mwaka 2010 haina undugu na ya babu yako.

Hatua ya 6: Usafi. Brashi laini, kavu. Basi. Ukiona unga mwembamba chini ya kamera kila asubuhi, ni fukusi. Itenge na nyingine leo hii. Na ukiwa pwani usiifunge kwenye mfuko wa nailoni. Kitambaa cha pamba kinatosha.