Gofu katika jiji kubwa: soma kadi kwanza, umaarufu baadaye

Rafiki akisafiri kikazi akapata siku moja ya mapumziko, hunipigia simu: "Niko huku, nicheze wapi?" Kabla sijataja uwanja wowote namuuliza hendikapu yake ni ngapi, yaani namba ya kiwango chake inayoamua mikwaju ya msaada anayopewa, fimbo yake ya chuma namba tano inafikisha mpira wapi, na ndege yake ni saa ngapi. Miaka mingi nilikuwa kedi, nikibeba mifuko ya wengine kabla sijashika fimbo zangu mwenyewe. Huko nimewaona watu wakilipia uwanja wenye jina kubwa, wakamaliza wamechoka na mfuko hauna mpira hata mmoja. Uwanja haukuwa na kasoro. Ulikuwa tu wa mchezaji wa aina nyingine.

Anza kwa kujua ni nani anaruhusiwa kuingia. Viwanja vya umma, yaani vya manispaa au serikali, ni vya yeyote anayelipa, na usividharau. Mjini New York, uwanja wa Van Cortlandt Park ulifunguliwa mwaka 1895 na ndio wa umma mkongwe kuliko yote Marekani. Unaweza kuufikia kwa treni ya jiji ukiwa na mfuko wako begani. Nje kidogo ya jiji hilohilo kuna Bethpage Black, uwanja wa hifadhi ya jimbo uliochezewa mashindano makubwa ya US Open mwaka 2002 na 2009. San Francisco nayo inamiliki Harding Park, uliochezewa mashindano mengine makubwa, PGA Championship, mwaka 2020. Raia wa kawaida anapiga mpira palepale walipopiga mabingwa. Mimi naona hilo ni jambo kubwa sana katika mchezo huu, na jiji lolote lenye uwanja wa namna hiyo linastahili pongezi.

Klabu za wanachama zina utaratibu wake. Uingereza, klabu nyingi za zamani hupokea wageni, hasa siku za kazi. Mwandikie katibu mapema, kwa adabu na kwa ufupi: jina lako, klabu yako, hendikapu yako, tarehe mbili au tatu unazoweza. Marekani mambo ni magumu zaidi, kwani katika klabu nyingi binafsi lazima ualikwe na mwanachama. Muulize pia katibu wa klabu yako kama wana makubaliano na klabu za miji mingine. Wachezaji wengi wana haki hiyo na hawajawahi kuiulizia. Ujerumani, jiandae kuonyesha cheti kwamba umefuzu kucheza uwanjani. Popote uendapo, uthibitisho wa hendikapu uwe kwenye simu yako.

Sasa kadi ya alama. Viwanja vingi huiweka kwenye tovuti yao, na hapo ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kwenye picha, maana picha hupigwa jua linapochomoza na kila nyasi hupendeza saa hiyo. Tazama kwanza urefu wa uwanja, na kama umeandikwa kwa yadi au kwa mita. Mita 5,900 ni zaidi ya yadi 6,400, na ukichanganya hesabu hiyo utashinda mchana kutwa hufiki kwenye grini, yaani nyasi fupi zenye shimo. Kuna hesabu ya zamani ninayoiamini: chukua umbali wa fimbo yako namba tano, zidisha kwa 36. Ukipiga yadi 150, uwanja unaokufaa ni wa yadi kama 5,400. Tafuta tii, yaani mahali pa kupigia mkwaju wa kwanza, yenye urefu huo na uanzie hapo bila aibu.

Kisha tazama slopu. Hii ni namba inayoonyesha uwanja unavyomwadhibu mchezaji wa kawaida kuliko bingwa. Huanzia 55 hadi 155, na uwanja wa wastani ni 113. Karibu nayo utakuta kipimo cha uwanja, yaani mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji asiye na hendikapu kabisa. Chukua mfano wa mtu mwenye hendikapu 20. Kwenye tii za nyuma kuna slopu 135 na kipimo cha 73.1, na uwanja umepangwa kumalizwa kwa mikwaju 72. Unazidisha 20 kwa 135, unagawa kwa 113, unaongeza 1.1, ambayo ni tofauti ya 73.1 na 72: anapata mikwaju 25 ya msaada. Akisogea tii za mbele zenye slopu 118 na kipimo cha 69.4, hesabu ileile inampa 18, maana hapa unapunguza 2.6 badala ya kuongeza. Yaani uwanja mmoja, siku moja, na tofauti ya mikwaju saba. Anayepewa 25 asidhani amependelewa. Anaambiwa mapema kwamba kazi ni nzito. Mfumo huu wa pamoja wa hendikapu ulianza kutumika mwaka 2020, kwa hiyo namba hizi zitakuongoza katika nchi nyingi.

Ushauri wangu kwa mwenye hendikapu ya 18 kwenda juu: siku yako ya kwanza katika jiji geni, kaa chini ya slopu 125. Bethpage Black wenyewe wameweka bango kwenye tii ya kwanza kuonya kwamba uwanja ni mgumu mno na unawafaa wachezaji hodari tu, na hawaruhusu vigari, unatembea mwanzo mwisho. Bango hilo limewekwa kwa nia njema. Pale pale kuna viwanja vingine vinne, na ukienda ukacheza mmojawapo hujapoteza chochote.

Kuhusu muda, foleni ya magari ndiyo itakayoamua zaidi ya kitu kingine. Chagua uwanja ulio nje ya jiji na uuendee asubuhi: magari yanaingia mjini, wewe unatoka, jioni wanatoka, wewe unarudi. Kundi la watu wanne kwa mashimo 18, tenga saa nne na nusu. Kama huna muda huo, cheza mashimo tisa, au tumia bei ya jioni, ambayo viwanja vingi hupunguza alasiri. Kabla ya kulipa hesabu saa za mwanga zilizobaki.

Piga simu mapokezi, usitegemee tovuti peke yake. Uliza swali hili ambalo wageni wengi hawalijui: "Grini zimetobolewa lini?" Kila uwanja unaotunzwa hutoboa grini zake mara kwa mara ili mizizi ipate hewa, kisha mchanga humwagwa juu. Ni kazi nzuri na ya lazima, lakini kwa wiki mbili hivi mpira hurukaruka badala ya kubingirika, na kusoma mteremko hakusaidii kitu. Kama wametoboa wiki hiyo, badilisha tarehe. Uliza pia kama kuna mashindano siku hiyo, na kama kedi wapo.

Kedi akiwepo, mchukue. Katika uwanja usioujua, yeye anajua grini ya kumi na moja inaonekana tambarare ila inavuta kuelekea bondeni. Mwambie ukweli kuhusu umbali unaopiga, maana anakuchagulia fimbo kwa maneno yako.

Uwanjani, mgeni huheshimiwa kwa vitu vidogo. Mpira ukitua kwenye grini na kuacha kishimo, chomeka uma mdogo wa kurekebishia grini pembeni mwa kishimo na usukume nyasi kuelekea katikati, kuzunguka pande zote, kisha gongagonga kwa fimbo ya kusukumia. Usiinue udongo kutoka chini. Ukiuinua unakata mizizi na doa hubaki kahawia kwa muda mrefu. Kwenye banka, sawazisha mchanga ukitoka. Mpira ukipotea, kanuni tangu mwaka 2019 inakupa dakika tatu tu za kutafuta, kwa hiyo ukishuku umeingia vichakani, piga mwingine wa akiba kabla hujaondoka hapo. Na kama alama zimeshaharibika kwenye shimo fulani na mnacheza kirafiki, okota mpira, uende shimo linalofuata. Wanaokusubiri nyuma watakupenda.

Usiogope kwenda peke yako. Viwanja vya umma vyenye shughuli nyingi mara kwa mara huwa na kundi la watatu linalohitaji wa nne, na nafasi hizo hupatikana hata siku ambayo tovuti inasema pamejaa. Fika mapema, nenda kwa mpanga zamu, msalimie, mwambie uko mmoja na uko tayari kucheza na yeyote. Kisha usikae mbali naye: fanya mazoezi kwenye grini iliyo karibu, viatu vikiwa vimefungwa na mfuko uko tayari, maana akikuita utakuwa na dakika chache tu za kufika tii ya kwanza.