Kadiria uimara wa uzi wa pamba na poliesta kabla hujausokota

Wengi hudhani ukitia poliesta kidogo kwenye pamba, uzi lazima uwe imara zaidi. Wakati mwingine huwa dhaifu kuliko pamba tupu, na kalamu na karatasi zinatosha kuliona hilo mapema.

Hatua ya 1. Sokota nyuzi mbili za majaribio, moja ya pamba tupu na nyingine ya poliesta tupu, kwa unene na msokoto uleule wa uzi unaoukusudia. Usitumie namba za nyuzinyuzi alizokupa muuzaji: ndani ya uzi huteleza, na sehemu ya nguvu hupotea.

Hatua ya 2. Ziache zizoee hewa ya nyuzi joto 20 na unyevu wa asilimia 65, kisha zivute. Pamba iliyoshika unyevu hudanganya, huonekana ngumu kukatika.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Tuseme pamba imekatika kwenye 15 cN/tex (nguvu ya kuukata uzi ikigawanywa kwa unene wake) ikiwa imerefuka asilimia 7, na poliesta kwenye 30 ikiwa imerefuka asilimia 20. Rudi kwenye grafu ya poliesta, ile ya mzigo dhidi ya kurefuka, usome namba ya tatu: ilikuwa imebeba mzigo gani ilipofika asilimia 7? Tuseme 10. Bila namba hiyo huna hesabu.

Hatua ya 4. Kwa kila mchanganyiko piga hesabu mbili, uchukue jibu kubwa. Ya kwanza ni pale pamba inapokatika. Ya pili ni poliesta ikibaki peke yake. Poliesta ikiwa asilimia 20: (0.8 × 15) + (0.2 × 10) = 14, dhidi ya 0.2 × 30 = 6. Jibu ni 14, chini ya pamba tupu! Bonde lenyewe, yaani mchanganyiko dhaifu kuliko yote, liko karibu na asilimia 43 ya poliesta, ambapo uzi unabaki na 12.9 hivi. Kwa 50 unarudi 15. Kwa 65, ule wa mashati na sare, unapata 19.5. Hoja hii mtafiti wa nguo Hamburger aliichapisha mwaka 1949.

Hatua ya 5. Mnyumbuko: chini ya 43 tarajia uzi ukatike karibu na asilimia 7, juu yake usogee kuelekea 20. Lakini ukishapita 7 pamba imeshakatika, hata kama uzi bado mzima machoni.

Kwenye mashine bonde huwa na kina kidogo kuliko la karatasini, kwa sababu pamba haikatiki yote kwa mpigo, na vipande vyake bado vinabanwa na msokoto. Ila uzi wa 65 ukikatika kwenye asilimia 8, kagua kwanza mchanganyiko wenyewe: asidi ya salfuriki ya asilimia 75 huyeyusha pamba na kuacha poliesta. Suuza, kausha, pima uzito.