Kabla ya Kupanda Ndege: Wachina wa Toronto Wanavyoandaana kwa Kazi za Taaluma

Jumamosi moja asubuhi nilikaribishwa na jirani yangu, mhandisi kutoka Wuhan, kwenye chumba kidogo cha mikutano katika maktaba ya umma huko Scarborough, mashariki mwa Toronto. Mama mmoja mhasibu aliyetoka Chengdu alikuwa akifanyishwa usaili wa mazoezi. Mbele yake alikaa mzee mstaafu mwenye kalamu mkononi, na kila mama aliposema "sisi", mzee aligonga meza. Tulifunga hesabu za mwaka. Gonga. Tuligundua kosa kwenye stoo. Gonga. Ilipofika mara ya saba mama akacheka, akashusha pumzi, akaanza upya: "Mimi niligundua kosa."

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaangalia kwa karibu. Sisi huku mitaani tuna msemo kwamba Wachina wanapeana kazi. Si kweli, au tuseme ni kweli kidogo sana. Walio wengi hawana kazi ya kumpa mtu, kwani nao ni waajiriwa wa kawaida wenye bosi juu yao. Wanachopeana ni msaada uliokatwa vipande vidogo: huyu anakusomea CV, yule anakufanyisha usaili, mwingine anakueleza cheti kipi kina maana na kipi ni kupoteza hela. Na anayewasili huwa amejiandaa kuvipokea vipande hivyo. Maandalizi yenyewe hufanyika kabla ya ndege, na hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza kwa yeyote anayepanga safari kama hiyo.

Cha kwanza ni makaratasi, na hapa Mchina ana kazi kuliko sisi. Mhitimu wa chuo kikuu China hupewa vyeti viwili tofauti: biyezheng, kinachosema umemaliza masomo, na xueweizheng, kinachosema umetunukiwa shahada. Mtu anaweza kuwa na cha kwanza akakosa cha pili. Vyote vinatakiwa vithibitishwe na kituo kilicho chini ya Wizara ya Elimu ya China, vitafsiriwe, kisha viende kwenye taasisi ya tathmini inayotambuliwa na idara ya uhamiaji ya Kanada. Ukiyaanza haya ukiwa tayari Toronto, utampigia simu karani wa chuo saa nane za usiku. Kwa hiyo katika makundi yao ya WeChat, programu ya simu ya kutumiana ujumbe, kuna wenyeji waliokwisha kupita njia hiyo, nao humwambia mgeni waziwazi: usikate tiketi kabla tathmini haijatoka. Wanaosafiri pia huomba chuoni maelezo ya kila somo walilosoma, si matokeo tu. Karatasi hizo zinaonekana za ziada mpaka siku bodi ya taaluma itakapotaka kujua ulijifunza nini hasa kwenye "Mekanika ya 2".

Halafu kuna kosa linalowaangusha wengi, wa China na wa kwetu pia: kudhani tathmini ya shahada ni leseni. Tathmini inasema tu kwamba shahada yako inalingana na shahada ya Kanada, na kwa ombi la uhamiaji hudumu miaka 5. Haikupi ruhusa ya kujiita mhandisi, daktari, muuguzi wala mwalimu. Fani hizo zina bodi zake, tena kila jimbo na yake. Kwa hiyo kabla hujauza shamba, tafuta jibu la swali moja: je, kazi yangu inahitaji leseni katika jimbo ninalokwenda? Mtengeneza programu na mchambuzi wa data hawahitaji. Mhandisi wa ujenzi anaweza kufanya kazi chini ya mwenye leseni, lakini hana ruhusa ya kutumia cheo wala kuidhinisha michoro kwa sahihi yake.

Ontario, jimbo lenye mji wa Toronto, kwa miaka mingi palikuwa na mfupa mgumu zaidi: mhandisi alitakiwa awe na angalau mwaka mmoja wa uzoefu wa Kanada ndipo apewe leseni, na waajiri nao walitaka uzoefu huo huo ndipo wakupe kazi. Yai na kuku. Mei 2023 bodi ya wahandisi ya jimbo ililiondoa sharti hilo, ingawa miaka 4 ya uzoefu bado inatakiwa pamoja na mtihani wa sheria na maadili ya kazi. Jirani yangu alikuja muda mrefu kabla ya hapo. Akisimulia anaangalia pembeni.

Niseme kidogo kwa nini hawa watu wana mazoea ya kuandaana. Kanada iliwatoza Wachina waliotaka kuingia kodi ya kichwa kuanzia 1885, dola 50, ikapanda hadi dola 500 mwaka 1903, na 1923 mlango ukafungwa karibu kabisa mpaka 1947. Katika jimbo la British Columbia Mchina hakuruhusiwa kupiga kura, na kwa sababu hakuwa kwenye daftari la wapiga kura, hakuweza kuwa mwanasheria wala mfamasia, hata kama alizaliwa hapo hapo. Vyama vya watu wa mkoa mmoja, tongxianghui, ndivyo vilivyomtafutia mtu pa kulala na kazi ya dobi au jikoni. Mfumo wa 1967 wa kuwachagua wahamiaji kwa alama za elimu na ujuzi ndio uliowafungulia wasomi, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa takriban miaka kumi, China iliongoza kwa kupeleka wahamiaji Kanada. Vikaongezeka vyama vya aina nyingine. Vancouver ilikuwa tayari na S.U.C.C.E.S.S., shirika la kuwasaidia wahamiaji, tangu 1973; Toronto kikaanzishwa chama cha wanataaluma wa Kichina, CPAC, mwaka 1992. Mazoea ya dobi yakahamia kwa wahandisi.

Sasa watu. Kabla ya safari, Mchina hutafuta makundi ya aina tatu: watu wa mkoa wake, waliosoma chuo chake, na watu wa fani yake katika mji anaokwenda. La tatu ndilo linalozaa matunda zaidi kikazi, ila la pili ndilo linalomtambulisha kwenye la tatu. Akishaingia haombi chochote kwa wiki kadhaa. Anasoma. Anajua nani anajibu maswali na nani anapiga kelele tu.

Akianza kuomba, anaomba kitu kinachoitwa neitui, yaani kupendekezwa na mtu aliye ndani ya kampuni. Niliwahi kuonyeshwa ujumbe mmoja nikatafsiriwa, na nimeuweka kichwani: nafasi ni namba fulani, mchambuzi wa data, nimeifanya kazi hii miaka 4 katika benki Shenzhen, CV hii hapa, sentensi tatu za kunieleza hizi hapa, ukiona sifai niambie tu. Linganisha na ujumbe ninaoupokea mimi kutoka nyumbani: "Shikamoo kaka, naomba connection, kazi yoyote." Kazi yoyote nitaipeleka kwa nani? Sina pa kuanzia. Yule wa Shenzhen anaweza kusaidiwa kwa dakika tano za chakula cha mchana, mtu akabofya na kurudi kwenye wali wake.

Na ujue neitui haimwajiri mtu. Inafanya CV yako isomwe na binadamu, basi. Anayekupendekeza anaweka rehani jina lake, kile wanachokiita mianzi, uso (si ile mianzi yetu inayogemwa ulanzi Iringa). Ukidanganya kuhusu uzoefu wako, unamwaibisha yeye mbele ya meneja wake, na kundi zima litajua kabla jua halijazama.

CV yenyewe iandike upya, usiitafsiri. Ya China huwa na picha, umri, na kama umeoa. Ya Kanada haitaki hata kimoja kati ya hivyo. Kuhusu jina, wengi hujipa la Kiingereza, na si kwa ulimbukeni. Mwaka 2009 mchumi Philip Oreopoulos alichapisha matokeo ya CV za kubuni zilizotumwa kwa maelfu kwa waajiri wa Toronto: kwa elimu na uzoefu ule ule wa Kanada, wenye majina ya Kiingereza waliitwa kwa takriban asilimia 40 zaidi ya wenye majina ya Kichina, Kihindi au Kipakistani. Mimi nimebaki na jina langu. Lakini simlaumu anayeongeza "Kevin" juu ya lake, mradi vyeti na maombi ya serikali vibaki na jina la pasipoti.

Usaili ndio ulioniteka zaidi, pengine kwa sababu ugonjwa wao na wetu ni mmoja. Mchina akisifiwa hujibu "nali, nali", kama kusema "sifa hizo zimetoka wapi?" Sisi tunasema "aa, tunajitahidi tu." Ni adabu nzuri nyumbani, na katika chumba cha usaili cha Toronto inasomeka kwamba hukufanya kitu. Dawa yao ni mazoezi ya sauti, mbele ya watu, mara nyingi. Kabla ya safari andaa visa vitano vya kazini kwako: tatizo lilikuwa nini, wewe ulifanya nini, matokeo yakawa nini, kwa tarakimu. Virekodi kwenye simu, usikilize. Utajionea aibu, ni kawaida.

Fedha. Wachina wa hapa wana neno lei bo kwa kazi za kiwandani na ghalani. Ni lile neno la Kiingereza lililotupa sisi "leba" ya wodi ya wazazi, ila kwa herufi zao linasomeka "kuchosha shingo". Hakuna aibu kufanya lei bo, karibu wote wa kizazi cha jirani yangu walipitia. Hatari ni kwamba zamu ya usiku inakula muda wa kusoma na wa kutuma maombi, na mwaka mmoja unakuwa minne. Kile kiwango cha akiba ambacho idara ya uhamiaji inataka uonyeshe ni cha kuingilia tu. Ongeza juu yake miezi kadhaa ya kodi ya nyumba, kama unaweza, maana miezi hiyo ndiyo inayokupa uwezo wa kukataa.

Jihadhari na mtu wa kwenu kama unavyojihadhari na mgeni. Katika makundi hayo hayo wapo mawakala wanaouza barua za kazi na neitui za kulipia. Kwa mujibu wa sheria, anayelipwa kukushauri kuhusu uhamiaji Kanada lazima awe mwanasheria au mshauri aliyesajiliwa, na orodha ya washauri hao iko wazi kwa umma. Mwajiri naye haruhusiwi kukutoza ile ada ya kibali cha kuajiri mgeni. Akikutoza kwa lugha ya mama yako, bado ni wizi.

Mwisho, andaa kitu cha kutoa, hata kama hujafika. Kijana mmoja mhitimu wa uhandisi, akiwa bado kwao anasubiri viza, alitafsiri maelezo ya masomo yake yote, zaidi ya 40, akayaweka kwenye kundi la chuo chake ili wanaomfuata wasianze sifuri. Alipotua hakuna aliyemuuliza yeye ni nani. Walikuwa wawili uwanjani kumpokea, na mmoja alishakuwa na namba ya nafasi ya kazi mfukoni.