Namna ya Kujifunza Muziki wa Kiarabu: Sikio Kwanza, Karatasi Baadaye

Mtu anayetaka kujifunza muziki wa jadi wa Kiarabu hukutana mapema na uamuzi ambao utagusa kila kitakachofuata: aanze na noti zilizoandikwa au aanze na sikio. Ushauri wangu ni kwamba aanze na sikio, aimbe kabla hajashika ala, na karatasi aiache ingoje mpaka muziki uwe umekwisha kukaa kifuani. Sehemu kubwa ya muziki huu, kuanzia kimo halisi cha kila sauti hadi madoido yanayoipamba, haiandikiki kwa noti za kawaida, na anayeanza na karatasi hujifunza kwa bidii kile tu ambacho karatasi imeweza kukibeba.

Ndivyo walivyofunzwa wakubwa wa fani hii. Umm Kulthum, mwimbaji maarufu wa Misri, alizaliwa kijijini katika delta ya Nile, akazipata nyimbo za dini kwa kumsikiliza baba yake alipokuwa akimfundisha kaka yake, akasoma Qur'ani chuoni, na alipohamia Cairo akafundishwa na Sheikh Abu al-Ila Muhammad. Katika kizazi chake na kilichotangulia, waimbaji na watunzi wengi wa Misri waliitwa masheikh kwa sababu shule yao ya kwanza ilikuwa kisomo cha Qur'ani, ambamo utamkaji wa herufi, urefu wa pumzi na mahali pa kusimama hufunzwa ana kwa ana, mdomo wa mwalimu ukielekea sikio la mwanafunzi. Anayejifunza leo anahitaji mpangilio uleule hata kama anasoma katika taasisi yenye madawati na mitihani.

Chagua mji mmoja na mwalimu mmoja

Usianze kwa kujifunza muziki wa Kiarabu wote kwa pamoja, kwa maana hakuna aliyewahi kuujua wote. Cairo ina nyimbo zake na takhti yake, yaani kikundi kidogo cha udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi), nai (filimbi ya mwanzi), fidla na rika (dafu dogo). Aleppo ni mji wa muwashaha, mashairi ya Kiarabu yanayoimbwa, na kudud, nyimbo za jadi za mji huo, na kudud hizo ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2021. Tunis ina maluf, hazina ya nuba 13, yaani mifululizo ya nyimbo na vipande vya ala, zilizopokewa kutoka mila ya Andalusi, Hispania ya zama za utawala wa Waislamu. Baghdad ina maqamu ya Kiiraki, na huko neno maqamu, ambalo kwingine ni ngazi ya sauti ambayo wimbo hujengwa juu yake, ni utungo mzima wenye njia iliyowekwa, na mwimbaji huipita hatua kwa hatua akisindikizwa na santur, ala ya nyuzi zinazogongwa kwa vijiti, na joza, fidla ndogo ambayo mwili wake ni kifuu cha nazi. Chagua mila ambayo sauti yake inakuvuta, ukae nayo kwa miaka michache kabla ya kuchungulia nyingine, kwa sababu sikio linalohamahama halipati pa kusimama.

Unapomtafuta mwalimu, muulize kwanza yeye alifundishwa na nani, na umwombe akuimbie. Mpigaji hodari ambaye haimbi hata kidogo anaweza kukufundisha vidole, lakini hutapata kwake namna sentensi ya muziki inavyopumua. Mwalimu mzuri hukatiza, hurudisha, huimba tena, na hakuruhusu kwenda mbele mpaka umeirudisha sentensi kama alivyoitoa. Ukiona anakupa karatasi siku ya kwanza na kukuagiza uje nayo tayari wiki ijayo, endelea kutafuta.

Anza na rasti

Maqamu hujengwa kwa vipande vifupi vya sauti tatu, nne au tano, ambavyo huitwa ajnasi. Kipande cha kwanza cha kukijua ni cha rasti, na walimu wengi huanzia hapo. Kikianzia do, hupanda toni nzima hadi re, kisha robo tatu za toni hadi mi iliyoshushwa, kisha robo tatu nyingine hadi fa, na hatimaye toni nzima hadi sol. Ile mi, iitwayo sika, haipo kwenye piano ya kawaida, kwa kuwa imekaa kati ya vibonye viwili, na ndiyo roho ya maqamu yenyewe.

Zoezi ni jepesi kulieleza na gumu kulitimiza. Mtu apige uzi wa do bila kukoma, au urekodi sauti hiyo na kuiacha iendelee, kisha upande polepole kutoka do hadi sol na kurudi, ukikaa kwenye sika kwa pumzi nzima. Sikiliza rekodi ya mwimbaji unayemwamini, imba naye sentensi moja, izime rekodi, imba peke yako, halafu iwashe tena uone umeangukia wapi. Fanya hivyo kila siku mpaka sika ije bila kutafutwa. Baada ya hapo nenda kwenye bayati, maqamu nyingine inayoanzia re, na utakutana na jambo linaloeleza kwa nini nimesisitiza sikio: mi ya bayati hukaa chini kidogo kuliko mi ya rasti, ingawa zote mbili huandikwa kwa alama ileile. Zaidi ya hayo, kimo cha sauti hizi hutofautiana mji na mji. Kwa hiyo usiziachie programu za simu za kupimia sauti zikuamulie. Zitumie kuweka sawa nyuzi zilizo wazi, kisha zizime.

Suala hili liliwahi kuwagawa wataalamu wakubwa. Katika Kongamano la Muziki wa Kiarabu lililofanyika Cairo mwaka 1932 chini ya Mfalme Fuad wa Kwanza, ambalo walihudhuria watunzi wa Ulaya Béla Bartók na Paul Hindemith pamoja na vikundi kutoka Moroko, Algeria, Tunisia, Syria na Iraki, ulizuka mjadala mkali kama oktavu, yaani umbali wa kutoka do hadi do ya juu yake, igawanywe katika robo toni 24 zilizo sawa, na wajumbe hawakuafikiana. Faida kubwa iliyobaki kwa mwanafunzi ni rekodi zilizofanywa wakati huo, zikiwemo za mwimbaji Muhammad al-Qubbanji wa Baghdad na wapigaji wake. Zitafute na uzisikilize mara nyingi, maana ndani yake utasikia tofauti za vimo ambazo jedwali la robo 24 huzifuta.

Rasti na bayati zikikaa, ongeza hijazi, kisha nahawandi, ajamu na kurdi, ambazo hazina sauti za robo toni na kwa hiyo huja upesi. Maqamu ziitwazo sika na saba ziache mwisho. Saba hasa inahitaji sikio lililokomaa, kwa kuwa sauti yake ya nne imeshushwa na hatua zake za kwanza hubana.

Mapigo kwa mdomo na mkono

Ngoma za Kiarabu hufundishwa kwa silabi mbili: dum, pigo zito la katikati, na tak, pigo kavu la ukingoni. Mapigo yaitwayo maqsumu, yenye hesabu nane, husemwa hivi: dum, tak, kimya, tak, dum, kimya, tak, kimya. Mapigo mengine, samai thakili, yana hesabu kumi: dum, kimya, kimya, tak, kimya, dum, dum, tak, kimya, kimya. Iseme kwa mdomo huku ukipiga paja, polepole, na usikimbilie vile vimya, kwa sababu ndimo mwimbaji anamopitisha maneno yake. Ukiweza kuisema samai thakili huku mtu mwingine akizungumza nawe, bila kupotea, umeanza kuimiliki.

Ziryab, mwanamuziki aliyetoka mashariki na kufika Andalusi mwaka 822, husimuliwa kuwa alimfunza mwimbaji kwa hatua tatu: kwanza mapigo na maneno, kwa dafu, pili mahadhi matupu yasiyo na pambo, tatu madoido. Sijaona mpangilio bora kuliko huo. Unapojifunza muwashaha, soma kwanza shairi kwa sauti, na kama hujui Kiarabu upate maana ya kila mstari kutoka kwa anayekijua, kisha liseme shairi hilo juu ya mapigo, kisha liimbe bila pambo lolote. Wengi huanza na madoido kwa sababu ndiyo yanayopendeza, wakaishia kuwa na pambo lisilo na cha kupambwa.

Ala

Kwa mwanafunzi wa kwanza napendekeza udi, kwa kuwa shingo yake haina vigawanyo na kila sauti hutegemea sikio la mpigaji. Udi wa kawaida una jozi tano za nyuzi na aghalabu uzi mmoja mzito wa besi. Ufungaji mmoja ulioenea, kutoka uzi mnene hadi mwembamba, ni do, fa, la, re, sol, do. Risha, kipigio cha nyuzi, ambayo zamani ilikuwa unyoya wa tai na leo mara nyingi ni plastiki, ishikwe kwa ulegevu, kifundo cha mkono kikiongoza badala ya kiwiko. Wiki za kwanza piga nyuzi wazi tu, chini na juu, mpaka mapigo ya juu yawe na uzito sawa na ya chini. Kisha cheza rasti uliyokwisha kuiimba, na ulishike sharti moja bila kulilegeza: usicheze sauti ambayo hujaiimba.

Kanuni, yenye nyuzi tatu tatu kwa kila sauti, hubadilishwa vimo kwa vyuma vidogo vya pembeni. Hufundisha nadharia vizuri, lakini anayeanza nayo hukabidhi sikio lake kwa vyuma hivyo. Nai, mwanzi wenye matundu sita mbele na moja nyuma, hudai miezi ya pumzi kabla haijatoa sauti safi, na mpigaji huhitaji nai kadhaa za urefu tofauti.

Mwanafunzi anayependa udi wa peke yake aelekeze masikio Iraki. Katika taasisi ya muziki ya Baghdad iliyoanzishwa miaka ya 1930, Sharif Muhyiddin Haydar, aliyekuwa pia mpigaji wa chelo, alijenga shule ya ufundi wa vidole iliyowatoa wapigaji udi Jamil Bashir, Munir Bashir na Salman Shukur. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Naseer Shamma, Muiraki mwingine, alianzisha Bayt al-Oud, shule ya udi, huko Cairo. Ufundi huo ni wa thamani kubwa, ila uje baada ya kuimba.

Hazina, kisha karatasi

Hifadhi kabla ya kubuni. Anza na dulabu, vipande vifupi vya utangulizi ambavyo vinaonyesha sura ya maqamu kwa muda mfupi sana, ukijifunza kimoja kwa kila maqamu unayoijua. Kisha nenda kwenye samai, utungo wa ala wenye vyumba vinne vinavyoitwa khana na kiitikio, taslimu, kinachorudi baada ya kila khana. Khana tatu za kwanza huenda kwa hesabu kumi, na ya nne aghalabu hubadili mapigo na kuingia tatu au sita. Jifunze taslimu kwanza, kwa kuwa ndiyo utakayoirudia mara nyingi, halafu khana moja moja kwa sikio, sentensi kwa sentensi.

Utungo ukikaa, andika mwenyewe ulichokihifadhi, kisha ulinganishe na noti zilizochapishwa na rekodi mbili tofauti. Hapo karatasi inakuwa msaidizi wa kweli, kwani kila tofauti utakayoiona ni swali la kumpelekea mwalimu. Historia ya Tunis inaonyesha pande mbili za jambo hili. Taasisi ya Rashidiyya, iliyoanzishwa mwaka 1934, iliandika nuba za maluf kwa sababu zilikuwa vifuani mwa wazee na kila mzee alikuwa na njia yake, na bila kazi hiyo mengi yangepotea. Lakini kikundi kikubwa kinachosoma noti za aina moja hakimwachii mpigaji nafasi ya kupamba sentensi kwa namna yake, na nafasi hiyo ni sehemu ya muziki wenyewe.

Taksimu na kumsindikiza mwimbaji

Taksimu, ubunifu wa papo hapo usio na mapigo, isianze mpaka uwe na tungo kadhaa kichwani katika maqamu hiyohiyo. Chagua taksimu fupi iliyorekodiwa, iimbe yote, kisha icheze. Baadaye tunga sentensi tatu tu katika rasti: ya kwanza ikae karibu na do, ya pili ipande hadi sol na kuegemea hapo, ya tatu irudi nyumbani kwa kafla, yaani kituo kinachofunga sentensi. Kafla ndiyo hupima mpigaji, kwani wasikilizaji wanaojua huitika papo hapo ikiwa imetulia, na hunyamaza ikiwa imelazimishwa. Mabadiliko ya kwanza yafanye hapo kwenye sol: juu yake weka nahawandi, au hijazi, na kila mara urudi rasti kwa njia ambayo msikilizaji anaweza kuifuata.

Ukishafika hapo, omba kumsindikiza mwimbaji anapoimba layali, ule mtiririko wa maneno "ya leil, ya ein" usio na mapigo. Kazi yako itakuwa tarjama: mwimbaji hutoa sentensi na kunyamaza, nawe unaijibu kwa ala kwa kuifupisha, bila kuinakili sauti kwa sauti wala kuingiza maqamu ambayo yeye hajaifungua, kisha unatua kwenye sauti ambayo atapenda kuanzia. Hakuna karatasi ya kukuokoa hapo, na mwimbaji atajua ndani ya sentensi mbili kama ulikuwa unamsikiliza.