Jinsi ya kulinganisha aberomita mbili bila kujidanganya

Siku kliniki ilipoleta aberomita ya pili (mashine inayopima jinsi jicho linavyopotosha mwanga unaopita ndani yake), nilikaribia kuirudisha kwa muuzaji. Jicho lile lile: ya zamani ilisema aberesheni ya tufe, yaani kasoro ya miale ya ukingoni mwa mboni kukutana mahali tofauti na ya katikati, ni mikromita 0.20, mpya ikasema 0.04. Kosa lilikuwa langu, na utaliona kwenye hatua ya pili.

Hatua ya 1: Jua kila mashine inasoma vipi

Nyingi ni za Hartmann-Shack. Mwale mwembamba huingia jichoni na kutua kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mwanga unaporudi hupita kwenye safu ya vilenzi vidogo, na kila kilenzi huacha nukta kwenye kamera. Nukta ikihama mahali pake, mashine inajua wimbi la mwanga limeinama kiasi gani hapo. Junzhong Liang na wenzake wa Heidelberg waliieleza kwa jicho la binadamu katika makala ya 1994.

Nyingine hufuatilia miale: huingiza mwale mmoja baada ya mwingine, upesi sana, na kutazama kila mmoja umetua wapi. Tofauti hii utaiona kwa mwenye keratokonasi, ugonjwa unaochongoa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Konea iliyochongoka husonganisha nukta za Hartmann-Shack, wakati mwingine zikavukana, na programu ikazichanganya. Mwale unaokuja peke yake hauna wa kuchanganywa naye. Kwa hiyo anza na macho ya kawaida. Hayo magumu yawe na kundi lake.

Hatua ya 2: Sawazisha mboni

Hapa ndipo wengi tunapoanguka. Mashine yangu moja ilipiga hesabu kwa mboni ya milimita 6, nyingine kwa milimita 4. Aberesheni ya tufe hukua kwa kipeo cha nne cha nusukipenyo, hivyo ukishuka kutoka 6 hadi 4 inabaki karibu moja ya tano: 0.20 inakuwa 0.04. Mashine zilikuwa zinakubaliana kabisa! Koma, aberesheni inayoipa nukta ya mwanga mkia kama wa nyota yenye mkia, hufuata kipeo cha tatu, nayo hubaki kama asilimia 30.

Chagua kipenyo kimoja, ukiweke kwenye mashine zote mbili, na kisizidi mboni halisi ya mgonjwa. Kikizidi, baadhi ya programu hubuni ukingo ambao hazikuuona. Zima taa za chumba. Ukitumia matone ya kupanua mboni, yatumike kwa vipimo vyote, kwa sababu matone hayo yanaweza pia kuzuia jicho kujikaza, na jicho linapojikaza kutazama karibu, aberesheni ya tufe huelekea upande wa hasi.

Hatua ya 3: Kagua lugha ya namba

Vipengele vya Zernike, namba ambazo mashine hutumia kueleza kila aina ya aberesheni, huandikwa kwa mifumo zaidi ya mmoja. Kwa aberesheni ya tufe, kipengele kisichosanifishwa ni kikubwa mara 2.24 kuliko kilichosanifishwa. Soma kitabu cha mashine. Alama ya kujumlisha au kutoa (+ au −) ya aberesheni ya koma ya mlalo nayo hugeuka kati ya jicho la kulia na la kushoto, kwani macho ni kama kitu na taswira yake kwenye kioo. Mimi hutumia jicho la kulia tu.

Hatua ya 4: Pima

Mgonjwa apepese, subiri sekunde mbili, piga kipimo. Ukichelewa, machozi hukatika na unapima ukavu. Piga mara tatu kwa kila mashine, ukimwondoa kwenye kiegemeo cha kidevu kila mara. Nusu ya wagonjwa waanze na mashine ya zamani, nusu na mpya. Mashine isiyokubaliana na nafsi yake usihangaike kuilinganisha na jirani.

Hatua ya 5: Toa, usitafute uwiano

Uwiano husema tu kwamba namba za mashine mbili hupanda na kushuka pamoja, si kwamba zinalingana. Mizani mbili za dukani, moja ikiongeza robo kilo kwenye kila kitu, zina uwiano kamili, na mteja bado anaibiwa. Fuata njia ya Bland na Altman ya 1986: kwa kila jicho toa kipimo kimoja kwenye kingine, tafuta wastani wa tofauti hizo, kisha ongeza na punguza mkengeuko sanifu wa tofauti hizo (kipimo cha jinsi zilivyotawanyika) mara 1.96; hiyo ndiyo mipaka. Tuseme mipaka imetoka mikromita −0.10 hadi +0.12, na daktari wa upasuaji anachagua lenzi ya kuweka jichoni kwa tofauti ya 0.10: mashine moja haiwezi kuchukua nafasi ya nyingine. Mgonjwa aliyeanza matibabu kwa vipimo vya mashine ya zamani afuatiliwe kwa hiyo hiyo, na jina la mashine liandikwe kwenye faili pamoja na kipenyo cha mboni.