Jinsi koo linavyofunga njia ya hewa unapomeza: jifunze kwa vidole vyako

Wengi wameshafundishwa kwamba kidakatonge, kile kifuniko kidogo nyuma ya shina la ulimi, hufunika njia ya hewa tunapomeza, basi. Kazi yangu ni kuwasaidia waliopata kiharusi kumeza tena, na ninachokiona kila siku ni kwamba kidakatonge peke yake hakitoshi. Kinachookoa mapafu ni kila kiungo kufanya kazi yake kwa wakati. Kama unamlisha mtu anayepaliwa mara kwa mara, anza na shingo yako mwenyewe.

1. Shika koromeo. Keti wima. Weka kidole cha shahada chini ya kidevu na cha kati juu ya koromeo, kile kivimbe kigumu mbele ya shingo. Meza mate. Ulimi utakaza kwanza, kisha koromeo litapanda juu na mbele, kama sentimita 2, halafu lirudi. Hapo ndipo penye siri yote. Koromeo linapopanda hujificha chini ya shina la ulimi, tonge lisilikute njiani. Kidakatonge hulala juu yake, na mlango wa umio, yaani njia ya chakula, nyuma yake huvutwa ukafunguka. Rudia mpaka uutambue mwendo huo bila kufikiri.

2. Sikiliza pumzi. Meza tena. Pumzi hukatika yenyewe kwa muda mfupi sana, kwa sababu nyuzi za sauti zimebanana. Ukishameza, kwa kawaida hewa hutoka kabla ya kuingia, hivyo chembe iliyosalia hupulizwa nje. Anayecheka au kuongea na chakula mdomoni huuvuruga mpango huu.

3. Sasa mgonjwa wako. Mkalishe wima, umpe chakula kidogo, kiasi cha kijiko cha chai, usubiri. Koromeo likipanda na kushuka, ndipo kijiko cha pili. Tafadhali usimharakishe. Maji ni hatari kuliko watu wanavyodhani: hukimbia, yakafika kooni kabla koromeo halijapanda. Usiyatumie kusukumia chakula kilichokwama.

4. Mwambie aseme "aaa". Sauti ikisikika kama ina majimaji, kuna kitu kimekaa juu ya nyuzi za sauti. Mwache akohoe, ameze mate, kisha ajaribu tena. Kikohozi ni mlinzi wa mwisho, usikizuie. Ninaowahofia zaidi ni wale ambao chakula huwaingia njia ya hewa bila kukohoa hata kidogo. Homa zinazojirudia na kifua kinachokoroma vinatosha kukufanya umpeleke kwa mtaalamu wa kumeza.

5. Usibuni mazoezi. Kuinamisha kidevu humsaidia huyu, humdhuru yule. Zoezi la kubana pumzi, kumeza, kisha kukohoa papo hapo lina manufaa, ila mwenye ugonjwa wa moyo au kiharusi cha karibuni asilifanye bila ruhusa ya daktari.

6. Baada ya chakula abaki ameketi kwa nusu saa hivi, na umsafishe kinywa, hata kama hana meno. Mate yenye bakteria yakiteremkia mapafuni huleta nimonia sawa na chakula.