Kurudisha miti kwenye vilima vya pwani vilivyomomonyoka

Kilima kilichokwisha kupoteza udongo wake wa juu hakiponi kwa kupandwa miti tu, kwa kuwa mvua kubwa ya kwanza huikumba miche na kuiteremsha hadi ufukweni. Wanajamii waanze kwa kukubaliana nani atavuna kuni, nyasi na nguzo siku za usoni, na mifugo itazuiwa wapi na kwa muda gani. Mbuzi wachache wasio na mchungaji humaliza kazi ya msimu mzima kwa asubuhi moja.

Kisha yatulizwe maji. Fungeni fito mbili zilizonyooka, za mita 2 hivi, zikutane juu kama herufi A, wekeni ufito wa kukingama katikati, na mning'inize jiwe kwa uzi kutoka kileleni liwe timazi. Simamisheni kifaa, tieni alama uzi unapogusa ufito, badilishaneni nafasi za miguu na mtie alama ya pili: katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Kwa kipimo hicho pigeni vigingi vya usawa mmoja mkikata mteremko, mchimbe mitaro kuvifuata, udongo ukitupwa upande wa chini uwe tuta. Mteremko ukiwa mkali, mitaro ikaribiane. Juu ya tuta pandeni vetiva, nyasi ambazo mizizi yake huweza kushuka mita 3. Makorongo yazibwe kwa mawe kuanzia juu, na kila kizuizi kiwe chini kidogo katikati ili maji yasile kingo.

Visiki vilivyo hai vilindwe na machipukizi yake yapunguzwe, jambo rahisi kuliko kitalu chochote. Upande unaopigwa na upepo wa chumvi, mvinje hustahimili na hurutubisha udongo kwa naitrojeni, ila sishauri kilima kizima kiwe mvinje, kwani majani yake yaliyoanguka huzuia mimea mingine kuota. Nyuma yake pandeni miti ya asili kutokana na mbegu zilizookotwa jirani.

Miche ipunguziwe maji na kivuli wiki chache kabla ya kuhamishwa, nayo ipandwe udongo ukilowa hadi sentimita 30 hivi. Kiriba, yaani mfuko ulioshika udongo wa mche, kivuliwe, na matandazo yasiguse shina. Kiangazi cha kwanza kikipita, hesabuni miche iliyo hai, si iliyopandwa, na mapengo yazibwe mvua zinaporudi.